Rekodi za Tiba kwa Wote, Tukianzia Dunda, Bagamoyo

Sheria kongwe ya bima ya afya kwa wafanyakazi nchi nzima ni ya Ujerumani, ya mwaka 1883. Miaka michache baadaye Wajerumani hao hao waliteka pwani yetu, wakaifanya Bagamoyo makao makuu yao hadi 1891. Ushuru walikusanya, bima waliiacha kwao. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, yaani miaka 140 baada ya ile ya Berlin.

Bei ya chini niijuayo ilikuwa ya mfuko wa afya ya jamii (CHF) ulioboreshwa wa 2018: shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Ilikuwa nafuu, ila mvuvi hakuzipata kwa mkupuo.

Mkazi wa Bagamoyo ambaye jina lake limetajwa na wagonjwa wengi zaidi, nadhani, ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyefariki 1897. Mwaka huo Dar es Salaam ilikuwa na Ocean Road kwa Wazungu, na kwa Waafrika na Wahindi hospitali iliyojengwa kwa fedha zake. Muhimbili imetokana na hiyo, na wodi ya Sewahaji ipo hadi leo. Wengi wanaolazwa humo hawajui kuwa Sewahaji ni mtu. Tusimsifu kupita kiasi, lakini. Mali yake ilitokana na misafara ya bara, na mpagazi aliyeugua njiani hakuwa na wodi.

Rekodi nzito kuliko zote ni ya watoto. Majaribio ya mwisho ya RTS,S, chanjo ya kwanza ya malaria kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani (2021), yalianzia Bagamoyo Mei 2009, kwenye kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara. Yaliishia kuwa na vituo 11 katika nchi 7 na watoto 15,459. Chanjo ya pili, R21, nayo ilijaribiwa Bagamoyo. Lakini RTS,S ilipoingia kliniki kwa awamu ya kwanza mwaka 2019, zilichaguliwa Malawi, Ghana na Kenya, si Tanzania. Januari 2024 Cameroon ikawa ya kwanza kuiingiza kwenye ratiba yake ya kawaida nje ya nchi hizo. Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari wa dunia tangu 1964, limekuja kutaka jamii dhaifu inayofanyiwa utafiti inufaike na matokeo yake. Halisemi inufaike lini, na kwa mzazi aliyempeleka mwanawe kudungwa sindano mwaka 2009, hilo ndilo swali lenyewe.