NYOTA ZILIZOFICHWA NA VUMBI

Wako wanaodhani kwamba kisichoonekana kwa macho hakipo. Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi wetu tunautoa mbinguni.

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi na vumbi. Vumbi huumeza mwanga wa nyota changa, likapata joto, kisha likalitoa joto hilo kwa miali ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Jamaa ya miali hiyo ndiyo tuihisiyo usoni tukaapo mbele ya jiko la makaa. Basi azihesabuye nyota changa kwa mwanga wa kawaida peke yake, hupunja.

Katika nyota za Mashuke, ambazo wanavyuoni wetu wa falaki huziita Sumbula, limo kundi la galaksi zaidi ya 1,000. Katikati yake gesi ya moto huzipokonya galaksi gesi yao baridi, na uzazi wa nyota hufifia. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu kale.

Mwaka 2010 dhana hiyo ilitikiswa. Wataalamu walitangaza kwamba darubini ya Marekani, Spitzer, iliyorushwa mwaka 2003, imelipima kundi ambalo mwanga wake umesafiri karibu miaka bilioni 10. Huko, penye msongamano ndipo nyota zilipozaliwa kwa wingi kuliko pembezoni!

Kundi moja halitoshi kutolea hukumu, nasi hatuitoi. Spitzer ilistaafishwa mwaka 2020. Upimaji wa infraredi unaendelezwa na darubini ya James Webb, iliyorushwa mwaka 2021.