Bunduki, Jembe na Hati: Walowezi wa Kentucky

Watoto wetu wamezoea kuwaona walowezi wa Marekani katika filamu, wakienda mbio juu ya farasi, bunduki mkononi. Tulipozisoma habari za Kentucky ya miaka ya 1770, tulikuta zaidi habari za jembe, chumvi na njaa. Tulikuta pia jambo ambalo watu wa Pwani hatuhitaji filamu kulielewa: mtu kuilima ardhi kwa jasho lake, kisha akashindwa kuithibitisha kwa karatasi.

Nchi ile haikuwa tupu. Washawnee na Wacherokee walikuwa wakiwinda humo tangu zamani. Mwaka 1769 Daniel Boone, mwindaji kutoka North Carolina, alivuka milima ya Appalachia na wenzake kutafuta ngozi za kulungu, ambazo ziliuzwa na hata kutumika badala ya fedha. Mwezi wa Desemba Washawnee waliwakamata, wakachukua ngozi, wakawaonya warudi kwao, kwani wanyama wale walikuwa na wenyewe. Hawakusikia. Mwaka 1775 Boone aliongoza watu waliofyeka njia msituni, wakajenga ngome ya Boonesborough kando ya mto Kentucky.

Waliishi kwa nyama ya kulungu, nyati wa nchi ile, bata mzinga na dubu. (Huyo wa mwisho, pamoja na nguruwe waliowaachia msituni, tunawaachia wenyewe.) Lakini hazikupita wiki nyingi ila wawindaji walilazimika kwenda maili 15 hadi 20, na wakati mwingine zaidi, kutafuta kitoweo. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, katika baraza lao la kwanza, Boone mwenyewe alileta mswada wa kuwahifadhi wanyama. Bunduki hazikunyamaza. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 19, nyati walikuwa karibu wametoweka Kentucky.

Na nyama bila chumvi huoza. Walichemsha maji ya chemchemi za chumvi, mamia ya galoni kwa madebe mawili tu ya chumvi. Ilikuwa katika kazi hiyo, Februari 1778, ndipo Boone na zaidi ya wanaume 20 walipotekwa na Washawnee.

Kilichowashikilia hai hasa ni mahindi. Hawakuwa na nguvu ya kuing'oa miti mikubwa, basi walichuna gome kuzunguka shina, mti ukafa umesimama, nao wakapanda kati ya miti mikavu. Maharagwe yalipanda juu ya mabua, maboga yakatambaa chini. Elimu hiyo waliipata kwa wenyeji. Unga waliusonga kwa maji ya moto, na sisi tungeutambua mara moja, kwani mahindi ya ugali wetu asili yake ni bara hilo hilo. Katika kazi ya shamba walikuwamo wanawake na watoto, na Waafrika waliokuwa watumwa. Mmoja wao, Monk Estill, ndiye aliyewatengenezea baruti. Baadaye aliachwa huru.

Mwaka 1779 serikali ya Virginia, iliyodai nchi ile, ilitoa sheria: aliyekaa au kupanda mahindi kabla ya 1778 aliweza kudai ekari 400, na haki ya kununua 1,000 nyingine jirani. Shamba la mahindi likawa ushahidi. Lakini mipaka ilipimwa ovyo, hati zikalaliana, na mahakama zikampendelea mwenye wakili. Boone, aliyewafungulia njia wengine wote, alipoteza ardhi yake, akahamia Missouri mwaka 1799, ilipokuwa chini ya Hispania. Huko alipewa ardhi. Marekani ilipoichukua nchi hiyo, dai lake likakataliwa, hadi Bunge lilipomrudishia sehemu mwaka 1814, naye ana umri wa miaka 79. Nyingi ya ardhi hiyo aliiuza kulipa madeni yaliyomfuata kutoka Kentucky.