Maji na Miji (5): Risasi ya Warumi na rangi ya milenia

Msomaji wangu mmoja anayeishi Australia amenirushia tena habari za bwawa la North Sydney, na safari hii ameongeza swali la kebehi: inakuwaje nchi yenye wahandisi wote wale ishindwe na shimo la maji? Mhariri alitaka juma hili nimalizie mifereji ya Roma. Mifereji itangoja. Imekwisha kungoja miaka 2,000.

Habari yenyewe kwa ufupi. Bwawa hilo la umma lilifunguliwa mwaka 1936, chini ya daraja kubwa la bandari ya Sydney, kwenye kiwanja ambako kampuni ya Dorman Long ilikuwa na karakana za chuma cha daraja hilo. Mashindano ya kuogelea ya Michezo ya Himaya ya Uingereza ya 1938 yalifanyika humo, na kwa miaka yote waogeleaji wameweka humo rekodi 86 za dunia. Mapema mwaka 2021 likafungwa ili lijengwe upya, kwa ahadi kwamba watu wangerudi majini kabla mwaka 2022 haujaisha. Hawakurudi. Mvua zilinyesha kupita kiasi, chuma cha kubebea paa la bwawa la ndani kikaleta mvutano wa usanifu, halmashauri na mkandarasi wakashikana mashati, na gharama iliyoanza kwenye dola za Australia milioni 60 hivi ikafika 122. Mwaka 2025 halmashauri iliomba kupandisha kodi ya majengo kwa asilimia 87 katika miaka miwili. Haikuwa kwa ajili ya bwawa peke yake, lakini kila mlipa kodi alijua mzigo mzito umetoka wapi. Mamlaka ya jimbo inayosimamia bei ikakataa ombi hilo.

Sasa nimjibu msomaji wangu, nikianzia kwenye neno lake "shimo".

Bwawa la kuogelea si shimo. Ni chombo, ndugu wa jahazi, ila limegeuzwa: jahazi huzuia maji yasiingie, bwawa huyazuia yasitoke. Mwulize fundi wa vyombo jahazi hupenyewa wapi na maji. Hatakuonyesha ubao, atakuonyesha mapengo baina ya ubao na ubao, na hapo ndipo anaposhinda siku nzima na kalafati yake, akishindilia pamba yenye mafuta mpaka mstari ujae. Bwawa nalo ni vivyo hivyo. Zege lililo zima halina neno. Maji hutafuta pale zege la Jumatatu lilipokutana na zege la Alhamisi, pale bomba linapopenya ukuta, na pale palipotobolewa kwa ajili ya taa kwa sababu fundi umeme alikuja baada ya wenzake kuondoka. Wasomaji wa sehemu ya pili wanakumbuka bwawa la mji wa kale wa Mohenjo-daro: matofali yamesimamishwa kwa ubavu, yameunganishwa kwa jasi, na nyuma yake imepakwa lami. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita watu wale walijua kwamba ukuta ni kitu kimoja na ngozi ni kitu kingine.

Nikisema ngozi, siwezi kuupita mji wa Bath, Uingereza. Wanaonifahamu walijua nitafika huko.

Mungu-mke wa chemchemi ya mji huo, Sulis Minerva, tulikwishamtaja. Maji yake hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46, kiasi cha lita 1,170,000 kwa siku, mchana na usiku. Warumi walipojenga bwawa lao kuu pale katika karne ya kwanza, hawakuyaamini mawe peke yake. Walichukua risasi, madini hayo laini na mazito yaliyochimbwa katika milima ya Mendip iliyo karibu, wakaifua iwe mabamba, wakatandika mabamba 45 chini ya bwawa lote, wakaunganisha kingo. Kina ni mita 1.6. Risasi ile ingalipo. Paa la kwanza la mbao liliondolewa, kuba la pili la mawe na vigae vyenye uwazi likaanguka, dola ikaanguka, lugha ya mji ikabadilika, tope likajaa juu yake mpaka watu wakasahau kwamba pana bwawa. Bamba limekaa mahali pake. Mwaka 1878 Meja Charles Davis, mpima wa mji, alikuwa akitafuta mvujo katika King's Bath, hamamu ya baadaye iliyojengwa juu ya chemchemi. Akafukua kufuata maji yanakokimbilia, akakutana na kazi ya Warumi. Napenda sana kwamba historia yote ile ilirudi duniani kwa sababu ya mvujo.

Na nisipotaja mabamba yale mengine nitakosa usingizi. Risasi hiyo hiyo, na madini mengine ya jamii yake, waogaji waliiponda ikawa vipande vyembamba, wakaandika juu yake malalamiko, wakavitupa katika chemchemi ili mungu-mke asome. Vimepatikana kama 130. Wengi wanalia wizi wa nguo wakati wenyewe wakiwa majini. Bwana mmoja, Docimedis, ameibiwa glavu mbili, anaomba aliyezichukua apotewe na akili na macho. Glavu mbili! Mtu wa pwani akisoma hayo haulizi maelezo. Hiyo ni halbadiri, imesomwa kwa Kilatini.

Sasa tazameni waliokuja baadaye. Mwaka 1978 binti mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na kijidudu kiitwacho Naegleria fowleri baada ya kuogelea katika maji ya chemchemi hiyo, na hamamu za umma zikafungwa. Ikabidi vichimbwe visima vipya virefu vya kuyachukua maji chini kabisa kabla hayajachafuka. Mji uliopewa jina kwa sababu ya kuoga ukakaa bila pa kuoga. Milenia mpya ilipokaribia, fedha za bahati nasibu ya taifa zilipatikana, msanifu Nicholas Grimshaw akachora jengo la mawe na vioo lenye bwawa juu ya paa, na mji ukaahidiwa kuoga tena mwaka 2002.

Agosti 2003 waliitwa Pavarotti, Domingo na Carreras, wale waimbaji watatu, kusherehekea ufunguzi. Waliimba. Wageni walipiga makofi. Hakuna aliyeoga, kwa sababu hapakuwa na pa kuogea: rangi iliyopakwa ndani ya mabwawa ilikuwa inabanduka. Mkandarasi akanyoosha kidole upande huu, halmashauri upande ule, mawakili wakaingia, mkandarasi akaondolewa. Milango ilifunguliwa Agosti 2006. Kazi iliyokadiriwa pauni milioni 13 ilikuwa imemeza milioni 45 hivi. Na umbali wa dakika chache kwa miguu bwawa la risasi lilikuwa limejaa maji kama kawaida.

Sitaki kuwaonea waliopaka rangi. Rangi ya bwawa ina maadui pande mbili. Mbele kuna maji, na pale Bath yana joto na chumvichumvi za ardhini. Nyuma kuna zege, ambalo hunywa unyevu na kuutoa kwa wakati wake lenyewe. Likipakwa kabla halijakauka, unyevu hutafuta njia ya kutoka na kuisukuma rangi kwa nyuma, inavimba kama lengelenge. Likiwa na vumbi au utando wa saruji juu yake, rangi imeshika vumbi, haikushika ukuta. Yote haya hutibiwa kwa kitu kimoja ambacho hakuna mkataba unaopenda kukiandika, nacho ni kusubiri.

Hapa ndipo dawa yangu ya siku zote, na wasomaji wa zamani wanivumilie. Bwawa likiisha kumwagwa zege, kabla ya plasta, kabla ya rangi, kabla ya kigae kimoja, lijazwe maji. Lijazwe polepole, ukuta uzoee uzito. Liachwe siku kadhaa, kina kipimwe asubuhi na jioni, na panapovuja patiwe alama na kuzibwa wakati pangali panaonekana. Nimeliona jambo hili likipuuzwa kwa macho yangu. Katika mji mmoja nilikofundisha ujana wangu, shule iliyokuwa karibu nasi ilijengewa bwawa. Vigae vya buluu viliwekwa haraka kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi Ijumaa moja tu katika mwezi ule. Utepe ulikatwa, watoto wakaruka, picha zikapigwa. Jumatatu maji yalikuwa yameshuka hadi magotini. Vigae vilibomolewa kutafuta ufa, ufa haukuonekana, na nilipohama pale palikuwa pameota matete. Waheshimiwa wetu wana jiwe la msingi na wana utepe wa ufunguzi. Baina ya viwili hivyo kuna majuma matatu ambayo hayana sherehe, na ndiyo yanayolijenga bwawa.

Makosa mengine ni ya kuchekesha, kama si fedha za watu. Bwawa tupu huelea. Wengi hawaamini, lakini maji ya ardhini yakipanda wakati wa masika na bwawa likiwa limetolewa maji, zege lote huinuliwa kama mtumbwi na kupasuka. Ndiyo maana wanaojua huweka vali chini ya sakafu ya kupunguza msukumo huo, na hawalitoi maji kabla ya kuuliza hali ya ardhi. Kisha kuna urefu. Bwawa la mashindano la mita 50 linaruhusiwa kuzidi kidogo sana. Kupungua haliruhusiwi, hata milimita moja. Fundi akiongeza plasta kidogo kila upande kuficha ukuta uliopinda, amewaharamishia watoto wa mji huo rekodi zote za maisha yao.

Wazee wa pwani yetu hawakuwa na zege, na hilo liliwafundisha subira. Matumbawe yalichomwa juu ya tanuu la magogo, majivu meupe yakanyeshewa, chokaa ikaachwa muda mrefu ipoe na kukomaa. Kuta za birika la msikiti zilitomewa, zikapakwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisuguliwa mpaka ing'ae. Sakafu ya dari ilipigiliwa kwa vipande vya mbao siku baada ya siku, watu wamejipanga, wanaimba, wanapiga kwa mdundo mmoja. Mgeni huona ngoma tu pale, lakini ndiyo iliyokuwa njia ya kutoa hewa katika chokaa na kuziba vinyweleo, jambo ambalo leo tunaliachia mashine ya kutikisa zege na kijana anayeishika huku anatazama simu. Nendeni Kidichi, Unguja, mkaitazame hamamu ya mwaka 1850 aliyojengewa mke wa Kiajemi wa Sayyid Said. Nendeni Hamamni mjini, alikojenga Sultani Barghash kwa ajili ya umma. Maji hayamo tena, lakini wekeni kiganja juu ya plasta.

Mhariri ananikumbusha kwamba swali lilikuwa la Sydney na karatasi inaisha. Haya. Linalonitia wasiwasi katika habari ile ni lile paa, kuliko fedha. Hewa iliyo juu ya bwawa la ndani imebeba klorini, na klorini hula chuma kwa siri, hata kile kisichoshika kutu. Mei 1985 katika mji wa Uster, Uswisi, dari la zege juu ya bwawa lililokuwa na umri wa miaka 13 lilianguka na kuua watu 12. Fito za chuma zilizolishikilia zilikuwa zimepasuka kwa ndani, mahali ambapo jicho la mtu aliye chini halifiki. Kwa hiyo ikiwa wahandisi wa North Sydney walibishana mwaka mzima juu ya chuma cha paa, mimi nisingewazomea kwa ubishi huo. Ningewauliza kwa nini ubishi haukuisha kwenye karatasi, kabla bwawa la 1936 halijavunjwa. Nao walipa kodi wana haki ya kuuliza swali hilo kwa sauti ya juu kuliko yangu.

Nafasi iliyobaki ni ya mama aliyeniandikia kutoka Tanga kuhusu bwawa dogo la nyumba yake ya wageni: maji hupungua, na fundi anamwambia ni jua. Mama, chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa hilo hilo, ikae juu ya ngazi ya kwanza ndani ya maji, mdomo wake ukiwa juu. Zima pampu. Tia alama ya penseli kwenye kina cha ndani ya ndoo, na nyingine ubavuni pa ndoo kwenye kina cha bwawa. Asiingie mtu. Kesho saa ile ile tazama alama zote mbili. Jua linakunywa ndoo na bwawa sawasawa. Bwawa likiwa limeshuka zaidi ya ndoo, mwite fundi wako, mwonyeshe penseli.