Kutoka Feri Hadi Kariakoo kwa Miguu

Kila asubuhi, mbele ya geti la boti za Zanzibar katika Barabara ya Sokoine, teksi na bajaji hushusha wageni wenye mabegi mgongoni. Wapagazi huwawahi, wauza tiketi huwaita, na baada ya dakika chache wamekwisha kuingia ndani. Ng'ambo ya barabara limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililokamilika mwaka 1902, mnara wake ukionekana tangu baharini. Wachache mno hugeuza shingo kulitazama. Wanawahi Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, wakayaone majumba ya masultani. Hakuna aliyewaambia kwamba Dar es Salaam, mji wanaoupa kisogo, nao ulianzishwa na sultani wa Zanzibar, na kwamba nyumba mbili za enzi zake zipo mwendo wa dakika chache tu kutoka hapo walipopanga foleni.

Ni watu haohao ambao, wakiwa Ulaya, hutumia siku nzima kuzurura Verona, Bologna au Venice bila kuchoka. Kaskazini mwa Italia msafiri hatafuti mnyama wala ufukwe. Anafuata mtaa, anaingia kanisani, anatokea sokoni, anakaa kibarazani na kikombe cha kahawa. Bologna ina vibaraza vilivyoezekwa vyenye urefu wa kilomita 62 kwa jumla, na mwaka 2021 UNESCO iliviorodhesha kuwa urithi wa dunia; mtu anaweza kuuvuka mji mvua ikinyesha na asilowe. Hakuna kinachofanyika pale ambacho Dar es Salaam haiwezi kukifanya kwa namna yake. Anayetaka kuamini na aanzie Feri.

Feri ndiko bahari inakopakuliwa. Soko la samaki la Magogoni, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002, linachangamka kabla jua halijapanda. Mashua na ngalawa hufika na mzigo wa usiku, na mnada huanza: changu, kibua, nguru, jodari, pweza aliyetandazwa kwenye meza ya saruji. Dalali anataja bei kwa kasi ambayo mgeni haifuati, mama wa mgahawa anainua kidole, fungu limekwenda. Pembeni wapo wanaopara magamba na kutumbua, na nyuma yao wakaangaji wenye makarai makubwa, ambako mtu humpeleka samaki aliyemnunua akakaangiwa na kumla hapohapo kwa chumvi, ndimu na pilipili. Kunguru wako juu ya mabati wakisubiri zamu yao. Sakafu ina maji, harufu ni kali, na asiyevaa viatu vya kufunga atajuta.

Jirani wa karibu wa soko hili ni Ikulu. Makazi ya gavana wa Kijerumani yaliyokuwa hapo yalipigwa mizinga na meli za Waingereza mwaka 1914, na jengo la leo likainuliwa na Waingereza mwaka 1922 juu ya mabaki yake. Mkuu wa nchi na muuza dagaa wamekuwa majirani kwa muda mrefu, jambo linalowashangaza wageni wengi. Mgeni aelezwe mapema, tena kwa upole, kwamba upande huo kamera hukaa mfukoni.

Soko la samaki la Rialto mjini Venice ni la karne nyingi na maarufu duniani, lakini wauzaji wake wamekuwa wakipungua, kwa sababu wakazi wanaopika wamepungua. Mwaka 1951 watu takriban 175,000 waliishi katika mji wa kale wa Venice. Kufikia 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya 50,000. Nyumba zipo, zimetunzwa, zinapendeza. Walioondoka ni wenyewe. Tangu 2024 halmashauri ya mji huo hutoza kiingilio, kuanzia euro 5, kwa wageni wa kutwa katika siku zenye msongamano. Dar es Salaam inaumwa maradhi ya kinyume chake. Watu wamejaa tele, na maisha yamo kila kona. Kinachotoweka ni majengo.

Kutoka Feri, njia inafuata ufuo wa Kivukoni. Kanisa la Kilutheri la Azania, lenye paa la vigae vyekundu na mnara wa saa, lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo linajaa waumini kila Jumapili. Ukipita Posta ya Zamani na kanisa la Mtakatifu Yosefu unafika Atiman House, ambayo pengine ndiyo nyumba yenye simulizi nzito kuliko zote mjini.

Ilijengwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid bin Said, aliyetaka kuufanya mji huu kuwa bandari yake mpya barani. Majid alifariki mwaka 1870, na mrithi wake, Barghash, hakuwa na shauku na mradi wa kaka yake. Mji ukalala hadi Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Baadaye nyumba iliingia mikononi mwa Mapadre Weupe, wakaipa jina la Adrian Atiman. Huyu alizaliwa nchi ya Mali ya leo, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu hapo hadi uzee wake, na akafariki mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa jangwani akawa miongoni mwa madaktari wa mwanzo wa Kiafrika katika nchi hii. Italia simulizi ya namna hii ingekuwa na kibao ukutani, kijitabu dukani na foleni mlangoni. Hapa wapita njia wengi wanajua jina tu, kama wanalijua.

Hatua chache mbele, kwenye pembe ya Sokoine na Barabara ya Morogoro, lipo Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866 au 1867 kwa mawe ya matumbawe ili kufikia wageni wa Sultani. Mlango wake ni wa kuchongwa, wa Kizanzibari, na kuta zake nene huleta ubaridi ambao feni haiwezi kuushinda. Boma hili ndilo ushahidi kwamba mambo yanawezekana. Lilikarabatiwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na mwaka 2017 kikafunguliwa ndani yake kituo cha urithi wa usanifu majengo cha Dar es Salaam, DARCH, kwa ushirikiano wa jiji, Chama cha Wasanifu Majengo, Chuo Kikuu Ardhi, Taasisi ya Goethe na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Kituo hicho kilianza kuwatembeza watu mitaani kwa mpango, na jambo la kutia moyo ni kwamba miongoni mwa waliojiunga na matembezi hayo wamekuwamo wakazi wa Dar wenyewe, watu waliopita mbele ya Boma kila siku wakielekea kazini bila kuingia.

Juu kidogo, Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Maktaba, amesimama Askari, sanamu ya shaba, bunduki yake ikielekea bandarini. Alizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake ni ya lugha tatu: Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Kabla yake, mahali hapo ilikuwapo sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyezima kwa damu upinzani wa watu wa pwani. Waingereza waliing'oa, ikapelekwa Ulaya, ikasimikwa Hamburg, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Kijerumani wakaiangusha. Mgeni kutoka Hamburg akisimama chini ya Askari na kusikia hayo, hakosi la kufikiri.

Baada ya hapo mitaa inabadilika sura. Hii ni Uhindini: Mtaa wa India, Indira Gandhi, Jamatini, Kisutu. Magorofa ya miaka ya 1920 na 1930 yana roshani zenye nakshi, na juu ya paji la jengo huandikwa jina la familia au mwaka wa ujenzi. Chini ni duka la vitambaa au sonara, juu ni makazi, nyuma ni uwanja mdogo wa kuanikia nguo. Jioni moshi wa mishikaki hupanda, na vikombe vya kahawa chungu huzunguka.

Humu ndimo kidonda kilimo. Gorofa la ghorofa mbili lenye historia huvunjwa, na kwenye kiwanja chake huinuka ghorofa kumi na kadhaa za vioo. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa karibu na Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Haki na usalama wa mafundi na majirani ni jambo la kwanza, na limesemwa sana. Ila lipo na la pili lisilosemwa: haraka ileile iliyojenga vibaya ndiyo inayobomoa bila kuuliza.

Ukiendelea kutembea, nyumba zinakatika ghafla na uwanja unafunguka. Ni Mnazi Mmoja. Wengi wanaijua kwa Mnara wa Uhuru na mikutano. Wachache wanajua kwamba uwazi huu haukuachwa kwa ajili ya kupunga upepo. Chini ya kanuni za ujenzi za wakoloni mji ulikatwa kanda tatu: ya kwanza, kando ya bahari, kwa nyumba za Kizungu, ya pili kwa Wahindi na biashara zao, ya tatu kwa Waafrika. Mnazi Mmoja ulikuwa mpaka kati ya kanda ya pili na ya tatu, ukitetewa kwa hoja za afya. Yaani mtu aliyetoka Feri kwa miguu amezivuka kanda mbili na anakaribia kuingia ya tatu bila kuonyesha kibali, na akiambiwa hivyo akiwa hapo katikati ya nyasi, anaelewa ukoloni kwa miguu yake kuliko kwa kusoma kurasa nyingi. Katika hili matembezi ya Dar yana jambo ambalo Verona haina.

Ng'ambo ya uwanja ni Kariakoo. Hapa, baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, ndipo palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, waliobeba vyakula na risasi begani na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Vita hivyo vimebaki kwenye vibao vya mitaa: Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti, zote sehemu za kusini palipopiganwa mwaka 1917. Leo kwenye mitaa hiyo watu wanapigania bei ya simu na mashuka, na mikokoteni inapita kwa kelele za "kaa pembeni".

Soko kuu lenyewe ni kazi ya Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa msanifu majengo wa kwanza Mwafrika katika Afrika Mashariki. Lilifunguliwa Desemba 1975. Paa lake limebebwa na nguzo zilizopanuka juu mithili ya uyoga, zikikusanya maji ya mvua na kuyashusha chini. Moto wa Julai 10, 2021 uliliunguza vibaya, ukarabati ukafuata, na jengo jingine likaanza kuinuliwa kando yake. Mgeni anayependa usanifu angepaswa kulisafiria hili peke yake. Anayependa mpira naye hatoki mikono mitupu: Simba wako Mtaa wa Msimbazi, Yanga wako Twiga na Jangwani, na ni matembezi mafupi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, pamoja na mabishano ya bure njiani.

Kitu ambacho Kariakoo ilikuwa nacho kwa wingi ni nyumba ya vyumba sita. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo na kisima, mbele baraza. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja na kupangisha vingine kwa Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema, Mngazija. Kwenye baraza hizo ziliuzwa vitumbua alfajiri na kuzungumzwa siasa magharibi. Chama cha siasa cha TANU kilizaliwa hapa Kariakoo Julai 7, 1954, katika mtaa ambao leo ni Lumumba. Nyumba hizo sasa zinahesabika. Mwenye kiwanja akipewa na mwekezaji fremu mbili na ghorofa moja katika jengo jipya, hawezi kulaumiwa kwa kukubali. Ana wajukuu wa kusomesha.

Kwa hiyo lawama haimstahili yeye. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, na majengo ya mawe ya Kivukoni yana wa kuyasemea. Nyumba ya udongo na miti iliyowalea watu wengi zaidi haina mtetezi. Jiji linaweza kununua hata moja, pale Kariakoo penyewe, na kuiacha na wapangaji wake, baraza lake na mama wa vitumbua wake, wageni wakilipa kuingia na fedha hizo zikitengeneza paa. Mfano upo. Magomeni, Mtaa wa Ifunda, nyumba ndogo aliyoishi Mwalimu Nyerere mwishoni mwa miaka ya 1950 imehifadhiwa kuwa makumbusho, na mabasi ya mwendokasi ya Kimara hupita jirani nayo.