Kioo giza, waifai imezimwa, na Fn ya kibodi ya nje haisaidii

Leo tuongelee laptopu za mtumba, maana swali ni lile lile kuanzia Sirari, Tarime mjini na Nyamongo mpaka Mugumu kule Serengeti: kibodi ya laptopu imekufa, nimechomeka ya nje ya USB, naandika vizuri tu, ila siwezi kuongeza mwanga wa kioo wala kuwasha waifai. Fn iko wapi?

Anayeuliza mara nyingi ana kafe ya mashine nne tano, nusu yake zimeshachoka. Vumbi linaingia, chai inamwagika, vitufe vinakwama. Kuweka Linux kwenye mashine ya namna hiyo ni uamuzi mzuri, haidai leseni na inakwenda hata kwenye mashine kuukuu. Kazi inaanza siku kioo kinapobaki giza wakati mteja amekaa na fomu yake ya Bodi ya Mikopo na dirisha la maombi linafungwa kesho. Fundi wa haraka haraka atakuambia bodi kuu imeungua, toa hela. Ngoja kwanza, mura. Nawe dada.

Fn siyo kitufe kama A au B. Ndani ya laptopu nyingi kuna chipu ndogo inayosimamia kibodi, chaji na feni. Ukibonyeza Fn, chipu hiyo ndiyo inayojua, na kwa kawaida Linux haiambiwi chochote. Ukiongeza F5, basi chipu ama inafanya kazi yenyewe kimya kimya, ama inatuma ujumbe mwingine kabisa: "punguza mwanga". Kibodi ya USB haipiti kwenye chipu hiyo. Hata ikiwa na Fn yake, Fn hiyo inaongea na chipu ya kibodi yenyewe, siyo ya laptopu. Kwa hiyo anayekuuzia kibodi ya pili kwa sababu "hii ina Fn" anakuuzia hewa.

Vitufe vya sauti ni habari nyingine. Vina lugha yake ya pamoja kwenye USB, ndiyo maana kibodi yenye alama za spika inapandisha sauti mara tu ukiichomeka. Mwanga ndio unaosumbua, kwa sababu kibodi nyingi za kawaida hazina kitufe chake.

Dawa ni kuacha kuitafuta Fn na kuipa Linux kazi yenyewe moja kwa moja. Fungua terminali kwa Ctrl+Alt+T (Ubuntu na Mint zinakubali). Amri zote ni za Kiingereza, hapo hatuna ujanja. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitupa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, ila terminali haijawahi kuongea Kiswahili. Nakili kama zilivyo, nafasi kwa nafasi.

Anza na waifai, maana bila intaneti huwezi kupakua kitu kingine:

rfkill list

Itakuonyesha vifaa vya mawasiliano na hali yake. Ukiona "Soft blocked: yes", imezimwa kiprogramu tu, na inafunguka hivi:

sudo rfkill unblock wifi
nmcli radio wifi on

Ukiona "Hard blocked: yes", angalia ubavuni mwa laptopu kama kuna swichi ndogo ya kusukuma. Mashine nyingi za zamani zinayo, na mteja akiigusa kwa kidole bila kujua mnahangaika siku nzima. Kama swichi haipo na bado imegoma, unganisha simu kwa waya wa USB ugawe intaneti yake. Linux nyingi zinaikubali hapo hapo.

Sasa mwanga. Kama kioo ni giza kiasi cha kutoona unachoandika, washa tochi ya simu uimulike karibu na kioo. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo, kinachokosekana ni taa ya nyuma: ama imeshushwa mno, ama imekufa kweli. Utajua ni ipi ukishafanya hivi:

ls /sys/class/backlight
sudo apt install brightnessctl
sudo brightnessctl set 50%

Mstari wa kwanza unatakiwa kurudisha jina, mfano intel_backlight au acpi_video0. Kikirudi kitupu, Linux haijaishika taa na hiyo ni kesi ya peke yake. Jina likitokea na mwanga ukarudi kwa mstari wa tatu, umeshaokoa hela ya bodi kuu.

Wengine watakuambia utumie xrandr kubadili mwanga. Inafanya picha ionekane nyeusi zaidi, taa inabaki inawaka vile vile, na betri inaliwa vile vile. Kwa kafe ambayo umeme ukikatika inabaki kwenye betri, hiyo siyo faida.

Huwezi kumwandikia kila mteja amri, kwa hiyo zifunge kwenye vitufe. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kibodi, tafuta njia za mkato, ongeza za kwako. Kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na F5 kipe "brightnessctl set 10%-", na pamoja na F6 kipe "brightnessctl set +10%". Ikikataa bila sudo, jiingize kwenye kundi la video, kisha toka na uingie upya:

sudo usermod -aG video $USER

Sauti, kama kibodi yako haina vitufe vyake:

pactl set-sink-volume @DEFAULT_SINK@ +5%

Kushusha weka -5%. Ila usichague Ctrl+Alt pamoja na F1 mpaka F6. Hizo zinakupeleka kwenye kioo cheusi chenye maandishi matupu, na mteja atapiga kelele kuwa ameharibu mashine. Ikitokea, jaribu Ctrl+Alt+F7, au F1, au F2, mmojawapo utakurudisha.

Kibodi ya ndani ikiwa inajiandikia yenyewe "kkkkkk" katikati ya jina la mtu, izime. Angalia jina lake kwa "xinput list", mara nyingi ni hili:

xinput disable "AT Translated Set 2 keyboard"

Ukizima na kuwasha mashine inarudi, na kwenye Linux mpya zinazotumia Wayland amri hii haifanyi kazi mpaka uingie kwa Xorg.

Kwa wale wanaorusha mpira kwenye projekta jioni: huhitaji Fn kabisa. Kitufe cha dirisha pamoja na P kinabadili kioo kwenye GNOME na Mint, kutoka kibodi yoyote ile.

Mwenye mashine ambayo /sys/class/backlight iko tupu aandike aina yake na toleo la Linux hapo chini kwenye maoni, tuiangalie.