Anza na Mahindi, Ndovu Atafuata

Wengi hudhani kwamba kufundisha vijana kuhutubia watu juu ya wanyama wa pori ni kazi nyepesi. Mtoto hupewa karatasi, akaikariri, akasimama, akapigiwa makofi. Hata mimi, mlezi wa chama cha wanyama cha shule moja karibu na Voi, niliamini hivyo mpaka mwaka wa 2018.

Mwaka huo tulialikwa barazani, chini ya mlima wa Sagalla. Msichana wangu hodari kuliko wote alisimama akaeleza bila kukwama: kwamba ndovu hubeba mimba miezi 22, kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, kwamba mwaka wa 1989 serikali iliteketeza tani 12 za pembe ili ulimwengu uache biashara hiyo. Nilikuwa nikitabasamu. Mara mzee mmoja akainuka.

"Mjukuu wangu, umesema vizuri. Lakini juzi usiku hao ndovu wako wamemaliza mahindi yangu yote. Je, watoto wangu wale hiyo miezi 22?"

Watu wakacheka. Msichana hakucheka, alinitazama mimi, nami sikuwa na neno. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na mimi sikuwa nimemfundisha kumsikiliza aliyefikwa.

Tangu siku hiyo nimebadili somo. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, kijana sharti aende shambani, aamkie, aketi, aulize ndovu walipitia wapi na waliacha nini. Sharti aijue sheria ya mwaka wa 2013 inayotaja fidia ya mazao yaliyoharibiwa. Sharti aelewe pia ua wa nyuki, ambao wakulima wa Sagalla wenyewe wameujaribu: mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, naye huwaogopa mno. Asali nayo huuzwa. Wala asifiche upungufu wake: ukame ukizidi, nyuki huhama.

Mwezi uliofuata msichana yule alisimama tena mbele ya baraza lile lile.

"Shikamoo, babu. Leo nitaanza na mahindi yako."

Mzee akasogeza kigoda chake mbele. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, kwa maana watu walikuwa wameshaanza kumwuliza maswali.