Kwa nini mabati hulia jioni, na paa huvuja mvua inapoanza

Jua likitua katika vijiji vya Embu na Meru, paa za mabati huanza kulia, ta, ta, ta, kana kwamba kuna anayetembea juu ya nyumba. Watoto huogopa, na paka wengi wamesingiziwa bure. Kinacholia ni bati lenyewe, linaponywea baada ya kutanuka mchana kutwa.

Metali imeundwa kwa chembe ndogo mno zinazotikisika daima papo hapo zilipo. Joto likizidi, chembe hizo hutikisika kwa nguvu zaidi na kusukumana, hata kipande kizima kikarefuka. Chuma hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni moja kwa kila nyuzi 1 ya joto.

Kadiri hiyo ni ndogo. Lakini Ikweta hupita karibu na mji wa Meru, na jua la adhuhuri huwa karibu na utosi. Bati lililopoteza mng'ao laweza kufika nyuzi 60, kisha usiku, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, likashuka hadi nyuzi 15. Kwa tofauti hiyo, bati la mita 3 hubadilika urefu kwa zaidi ya milimita 1 na nusu. La mita 9 kwa karibu milimita 5.

Anayeumia ni msumari. Bati huuvuta mchana na kuurudisha usiku, mwaka mzima. Tundu hupanuka, raba iliyo chini ya kichwa cha msumari hukauka na kupasuka, nao msumari hulegea katika mbao. Januari na Februari, wakati wa kiangazi, hakuna atambuaye. Masika yanapowadia ndipo ndoo huwekwa katikati ya chumba, na fundi akalaumiwa, pengine kwa haki.

Wahandisi wa umeme hawakulipuuza jambo hili. Nyaya zinazotoka katika mabwawa ya mto Tana, kama Kamburu lililoanza kazi mwaka 1974 na Kiambere la mwaka 1988, huachwa zikining'inia kati ya mnara na mnara. Alumini hutanuka karibu mara 2 ya chuma. Waya uliokazwa sana wakati wa joto ungenywea usiku wa baridi na kuvuta minara.

Paa haliwezi kuning'inizwa, ila lina dawa yake. Katika bati la mawimbi, msumari hupigwa mgongoni, wala si bondeni yanakopita maji, tena haukandamizwi hadi raba ikapondeka. Skrubu hushika mbao vizuri zaidi kuliko msumari laini. Rangi nyeupe nayo hupunguza joto la bati, ingawa wengi huipenda nyekundu. Ukaguzi wafaa kufanywa Februari, asubuhi na mapema, kabla bati halijaweza kumchoma mkaguzi.